Siku ya Kupimwa kwa Kikosi

Rosamel Inostroza alikuwa akinoa sururu yake kwa tupa, ameibana katikati ya magoti, wakati mkuu wa kikosi, Yobana Riffo, alipotoka jikoni na kapu la mikate.

"Kuleni polepole," Yobana alisema. "Mkate umepanda bei tena. Mkandarasi anasema kuanzia leo ni mmoja mmoja. Wa pili mtauota."

"Anataka tuwe wepesi mlimani," alidakia Cardenio Muena, mwenye msumeno wa injini. "Mwezi ujao tutakula harufu."

Watu wakacheka. Rosamel naye alicheka, lakini kicheko kikageuka kikohozi, akaelekea ukutani mpaka kikamwachia. Wenzake wakajifanya kuhangaika na kamba za viatu. Tangu alipomeza moshi korongoni, misimu michache nyuma, kifua chake hakikurudi kuwa kifua cha kazi, na kila mtu kambini alijua hivyo isipokuwa mkandarasi.

Ilikuwa Februari, mwezi ambao katika vilima vya Itata hata nyasi hulia kwa ukavu ukizikanyaga. Zamani Rosamel alikuwa na mizabibu. Bei ya zabibu iliposhuka mpaka ikawa hasara kuzichuma, jirani mmoja baada ya mwingine aliuza shamba, na misonobari ya kampuni ikapanda mpaka mlangoni pake. Sasa mkandarasi wa kampuni alimlipa kuilinda misonobari hiyohiyo isiungue. Ajira ilikuwa ya msimu wa moto tu, na kwake msimu huo ndio uliolisha mwaka mzima. Mtu wa umri wake akitolewa kikosini, hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Siku hiyo alikuja mgeni. Mhandisi Ignacia Bohle, wa kituo cha utafiti wa misitu, alishuka garini na sanduku la vifaa. Alikuwa kijana mwenye adabu, akampa kila mtu mkono. Aliwafunga watu wote saba mikanda ya kifuani.

"Huu unasikiliza moyo na kuonyesha mlipo," alieleza. "Tunataka kujua kikosi kinachimba kinga ya moto kwa kasi gani mlimani, na mtu anachoka wakati gani. Asubuhi mara moja, mchana mara moja. Ni kwa faida yenu. Fanyeni kazi kama siku zote."

Yobana alimvuta Rosamel pembeni. "Don Rosamel, wewe utakaa katikati ya mstari."

"Mimi si mgonjwa."

"Nani kasema mgonjwa? Kaa katikati, mzee wangu. Kile kidude kikisikia moyo wako unavyokimbia, kesho watakurudisha nyumbani."

Kazi ya kinga ni hii: msumeno hutangulia kufungua njia, nyuma yake watu hujipanga kwa mstari na kukwangua ardhi mpaka udongo mtupu, ili moto ufike ukose cha kula. Kila mmoja ana kipande chake. Anayemfikia wa mbele yake hupiga kelele "Sogea!" na mstari wote hupanda mbele. Lakini katika kikosi hiki hakuna aliyewahi kumpigia Rosamel kelele hiyo. Wa nyuma yake alikimbiza sururu na kuingia katika kipande chake, wa mbele akachimba kurudi kinyumenyume, na mzee akabaki na ukanda mwembamba wa kukwangua. Hawakuwahi kulizungumza. Ulikuwa ustaarabu wao.

Asubuhi ile, kwa kuwa walikuwa wakipimwa, walifanya ustaarabu huo kwa fujo. Walipanda mteremko kama watu wanaofukuzwa na nyuki. Rosamel alifika juu shati lake halijalowa.

Walipokaa kula maharage kivulini, mhandisi alikuja na kompyuta yake ndogo, uso umemchanua.

"Sijawahi kuona kikosi kama hiki," alisema. "Mmezipita hesabu zetu zote. Na bado mna akiba! Kuna mmoja wenu ambaye moyo haukuchoka hata kidogo. Ni kama nguvu ya mtu mmoja mzima imebaki. Nitaandika kwamba kwa miteremko kama hii, watu sita wanatosha."

Vijiko vilisimama.

"Na wa saba?" Yobana aliuliza.

"Anaweza kupelekwa kazi nyingine."

"Kazi ipi, señorita?"

Mhandisi alifunga kompyuta yake. "Hilo ni la mkandarasi. Utafiti haumfukuzi mtu."

Aliporudi garini, Cardenio alitupa mkate wake chini. "Tumemficha mzee, kumbe tumemfuta. Hodari sisi! Tuleteeni nishani."

"Nyamaza, Cardenio."

"Ninyamaze nini? Kila mtu hapa anajua mkandarasi atamtaja nani."

Rosamel aliendelea kula. Maharage yalikuwa yamepoteza ladha, lakini aliyamaliza.

"Wanachukua wastani wa mara mbili," Yobana alisema hatimaye. "Basi mchana huu tunakwenda kwa mwendo wa don Rosamel, wastani ushuke, waone saba tunahitajika. Kila mtu kipande chake. Atakayekimbia nitamvunja mguu."

"Wala asikohoe peke yake," Cardenio akasema. "Tutakohoa wote."

Safari hii Rosamel alicheka kweli. Alijisikia mtu mwenye ndugu.

Hawakuwahi kuanza. Redio ililia: moshi chini ya nguzo za umeme, na upepo wa kutoka milima ya mashariki unausukuma kuelekea kitongojini. Walirukia gari. Mhandisi akafuata na gari lake.

Moto ulikuwa tayari umeingia kwenye vichaka, unapasuka na kurusha cheche. Nyuma yao zilikuwa nyumba chache za mbao. Juu ya paa moja mwanamke mzee, doña Elcira, alikuwa akimwaga maji kwa sufuria ya kupikia.

Cardenio aliwasha msumeno. Mstari ukajipanga. Kisha, kwa pumzi moja, wote walimtazama mzee. Mikanda ilikuwa bado vifuani mwao.

"Vipi, mzee?" Cardenio alipaza sauti. "Mwendo upi?"

Rosamel alitazama moto, akatazama sufuria ile juu ya paa. Alijua analoulizwa. Kwa wenzake jibu lolote lingefaa. Wangemtii.

"Sogea!" alipiga kelele mpaka kifua kikamchoma. "Sogeeni, jamani, mnasubiri nini!"

Wakaenda. Hawakwenda kwa ajili ya mtafiti wala mkandarasi. Walikwangua, wakachukuliana vipande, wakammeza mzee katikati yao kama kawaida yao, na udongo mtupu ukafunguka mbele ya nyumba kabla ndimi za moto hazijafika. Moto uligusa kinga, ukanyanyuka, ukakosa chakula, ukalala.

Mhandisi Ignacia alisimama karibu, masizi usoni, akitazama kioo cha kompyuta yake. Hakuwa akitabasamu tena. Alikuwa ameuona mstari kwa macho yake, akaelewa ni moyo wa nani ule uliopumzika, na ulipumzishwa na nani.

"Mkuu," alimwambia Yobana kwa sauti ndogo, "ningeweza kusema vifaa viliharibika."

"Viliharibika?"

"Hapana. Na hesabu huenda zenyewe kila dakika. Zimeshafika ofisini."

Yobana alitikisa kichwa, akaenda kuhesabu zana.

Rosamel alibaki uani kuzima visiki vinavyofuka. Doña Elcira alishuka kwa ngazi, akamletea kikombe cha maji yaliyokorogwa na unga wa ngano ya kukaanga.

"Mungu awape maisha," alisema. "Mwakani moto ukija, mje tena hivihivi."

Rosamel alikunywa mpaka mwisho, akamrudishia kikombe.

"Mwakani watakuja sita, doña Elcira," alisema. "Wewe fyeka nyasi zako mapema."