Kwinini ya Georgina

Kidonge cha kwinini kilitoka kinywani mwa Georgina karibu kizima, kikaanguka kwenye shuka ya mama yake, Ephrasia, pamoja na uji wa asubuhi. Mama alikiokota, akakipangusa, akabaki nacho kiganjani asijue pa kukiweka. Ulikuwa mwaka wa mvua nyingi, kabla ya vita vya Hitler, na katika zahanati ile ndogo ya Muleba kila benchi lilikuwa na mtoto mwenye homa.

“Mpe tena,” alimwambia dresa. “Safari hii nitamziba mdomo.”

Rugaibula, dresa wa zahanati, mwenye kutibu pale pasipo daktari, mtu wa makamo aliyesema taratibu hata alipokuwa na haraka, alitikisa kichwa. Kidonge cha kwanza alikuwa amekisaga katika maji ya ndizi, na hicho nacho kilitapikwa.

“Dawa ya kumeza sharti tumbo liikubali, Mama Georgina. Lake limekataa. Tumchome sindano.”

“Hapana.”

Aliinuka, akaenda mlangoni, akarudi. Tangu alipotoka kibanjani, nyumbani kwake migombani, na mtoto mgongoni hakuwa ametulia mahali pamoja. Mumewe, Philbert, alikuwa kisiwani Bumbire kununua samaki, na shauri lote lilikuwa juu yake peke yake. Kila alipoifikiria sindano aliuona mguu wa shemeji yake Mushumbusi, mdogo wake Philbert, mwembamba kama bua, ukiburutwa kwenye vijia vya migombani. Mushumbusi alichomwa kwinini takoni alipokuwa kijana. Homa iliondoka, na nguvu za mguu zikaondoka nayo. Ephrasia aliishi na mguu huo machoni pake miaka yote ya ndoa yake.

“Hakuna njia nyingine?”

“Zipo. Kuna kuitia kwenye mshipa wa damu. Hiyo ndiyo ya haraka kuliko zote, ila ni kazi ya daktari, na Bukoba ni mbali kwa mtoto wa hali hii.” Rugaibula alishusha sauti, maana akina mama benchini walikuwa wamenyamaza kusikiliza. “Na kuna kuipitisha nyuma, kwa mpira. Inakwenda polepole, na hatuwezi kujua ni kiasi gani kitabaki mwilini.”

“Fanya hiyo.”

Nyuma ya pazia, dresa aliyeyusha kwinini katika maji ya vuguvugu, akaipitisha kwa mpira mwembamba. Georgina hakulia, na kutolia kwake kulimtisha mama yake kuliko kilio. Ephrasia alimlaza ubavu, akambana matako kwa viganja vyake, akisali Salamu Maria bila kuimaliza hata moja. Kwa kitambo dawa ilitulia. Halafu mtoto akajikunja, na yote ikatoka kwa kuhara. Macho yake yakageuka juu, mikono ikaanza kukakamaa na kutetema.

Degedege lilipopita, Mushumbusi alikuwa amesimama kando ya pazia, tope hadi magotini, mkononi ana ndizi za kupika zilizofungwa kwenye jani. Aliwafuata tangu asubuhi, kwa mwendo wake.

“Anataka kumchoma,” Ephrasia alimwambia. “Mwonyeshe mguu wako, shemeji.”

Mushumbusi hakuuonyesha. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akamtazama mtoto.

“Ulielezwa kwamba nilichomwa sindano. Ulielezwa siku ile nilikuwaje?”

“Ulikuwa na homa.”

“Mama alikuwa ameshatoa lubugo, nguo ya magome ya kunizikia. Sindano yenyewe siikumbuki. Nakumbuka nilipozinduka nikasikia jembe nyuma ya nyumba. Alikuwa Philbert, anachimba. Nikadhani analima.”

Ephrasia alimtazama kana kwamba amemkuta njiani kwa mara ya kwanza. Mumewe hakuwahi kumwambia habari za jembe lile.

“Na mguu?” aliuliza baadaye.

“Mguu naulilia hata leo. Siwezi kukudanganya.”

Maneno hayo hayakumtuliza. Angependa aambiwe kwamba mguu ni kitu kidogo, au kwamba sindano ni kitu kibaya, apate kushika moja. Alimgeukia dresa.

“Utamchoma wapi?”

“Pajani, upande wa nje. Takoni unapita mshipa mkubwa wa fahamu, ndio unaoupa mguu nguvu. Aliyemchoma Mushumbusi nadhani aliugusa. Hapa nitakuwa mbali nao.”

“Unaniahidi?”

“Naahidi kuwa mwangalifu. Nikiahidi zaidi nitakuwa nakulaghai.”

Ephrasia alilifunua paja la mwanawe, akalishika kwa mikono miwili. Alitaka kufumba macho, lakini hakufumba. Sindano iliingia, dawa ikashuka polepole, na Georgina akatoa sauti nyembamba ya malalamiko. Mama yake aliipokea kama zawadi.

Kungoja kulimshinda. Alitoka, akaanza kuizunguka zahanati katika manyunyu. Mushumbusi alitoka pia, akajikokota nyuma yake. Walipofika kona ya pili Ephrasia alipunguza mwendo, wakaenda sambamba. Walizunguka hivyo hadi dresa alipowaita. Mtoto alikuwa ametota jasho, anaomba maji. Alikunywa, na maji yakabaki tumboni.

Walilala pale pale zahanati. Kesho yake, jua likiwa limeshapanda, Georgina alisema amechoka kulala, anataka kwenda nje. Ephrasia alimketisha ukingoni mwa kitanda. Akamkandakanda paja, akamshika unyayo, akamuuliza kama anasikia. Mtoto akajibu kwamba anasikia mtekenyo.

“Mshushe basi,” alisema Mushumbusi.

Ephrasia alimshusha hadi nyayo zikagusa sakafu, lakini hakumwachia makwapa. Georgina alijipinda kutaka kwenda. Mushumbusi alikuwa amefika mlangoni, ameegemea mwimo, mikono ameinyoosha mbele, na nyuma yake jua lilikuwa limeujaza uwanja uliolowa.

“Mwachie, shemeji.”

Ephrasia alilegeza kidole kimoja, kisha kingine.