Mtu Katika Picha ya Meli

Mwaka 1951 meli ya mizigo iliyoleta saruji ya bandari mpya ya Mtwara ilipanda mwamba kusini ya Msimbati, si mbali na mdomo wa Ruvuma. Ilikuwa Jumatatu. Mabaharia wengi waliokolewa, watatu hawakuonekana. Mmoja wao alikuwa Isihaka, mchochea makaa, mume wa dada yangu Somoe.

Mpiga picha Mikindani nilikuwa mimi peke yangu, na watu wa bima wakanituma. Jumatano nilisimamisha kamera juu ya majabali nikapiga picha kumi na mbili. Watu walikuwa wakipitapita na vitu vilivyotupwa na maji, nami nikawafokea wasiniharibie kazi. Wa bima hutaka kuona meli, hawana haja na sura za watu.

Maiti hazikupatikana. Tulingoja wiki mbili, tukasoma hitima, na Somoe akaingia eda. Miezi minne na siku kumi chumbani, nguo nyeupe, bila manukato wala wanja. Mkwewe, Bi Mariamu, aliyekaa nyumba ya pili, alilia kila alfajiri mpaka majirani wakamzoea.

Mwezi wa tatu wa eda, wa bima wakataka picha ya tundu la ubavuni mwa meli ikuzwe. Nikaingia chumba cha giza. Karatasi ilipoanza kutoa sura ndani ya dawa nililitazama tundu, kisha nikatazama pembeni. Mtu mwenye furushi begani alikuwa akielekea kusini, upande wa Wareno ng'ambo ya Ruvuma, amegeuka kuitazama meli. Alikuwa Isihaka. Hata kovu lake la shavuni lilionekana, maana lenzi yangu ni nzuri.

Nilikasirika. Kumbe siku ile nilimfokea na yeye, nami nisimtambue.

Nilifikiria kuichana. Zilibaki siku arobaini tu, Somoe atoke eda, aolewe akipenda. Lakini angeolewa ilhali mumewe yu hai, nami najua. Hilo sikuliweza. Nikampelekea.

Aliitazama.

"Uliipiga siku gani, kaka?"

"Jumatano."

Hakulia. Aliuliza kama mtu yule anaonekana ameumia. Nikamwambia hapana, anatembea vizuri.

"Angekufa ningejua la kufanya," akasema. Kisha akanirudishia picha. "Mpelekee mama yake. Yeye atafurahi."

Nikaenda. Bi Mariamu alipoelewa aliibusu ile karatasi, akapiga vigelegele hata wanawake wa jirani wakaja mbio, nao wakaitikia. Sijapata kuona picha yangu ikimfurahisha mtu kiasi kile.

Niliporudi, Somoe alikuwa ameketi palepale na nguo zake nyeupe, akivisikiliza vile vigelegele. Akaniomba nifunge dirisha.