Kichaka cha Futi Tano na Inchi Saba

Pk, pk, pk. Niliisikia sauti hiyo nikiwa kwenye bafu la marehemu mzungu, nikieleza kwa madaha jinsi alivyokuwa akioga. Nikanyamaza. Mtu aliyezaliwa Mogogosiek, kwenye mashamba ya chai, haulizi sauti kama hiyo ni ya nini. Ni chai inachumwa, kwa mikono miwili, na watu wenye haraka.

Nikageuka. Wageni wangu wote sita hawakuwepo.

Wageni wenyewe walikuwa mama yangu Chepkurui na wanakwaya wenzake watano, waliokuja Kericho mjini kuona jumba la kifahari ninalolinda, la mzungu wa mashamba ya chai, ambalo serikali imeligeuza makumbusho. Nilikuwa na wiki mbili kazini, za majaribio, na saa tisa siku hiyo mkaguzi angekuja kuamua kama nitabaki au nitarudi kubeba vikapu. Sharti lilikuwa moja: kila kitu kikae kama kilivyoandikwa kwenye rejista. Viatu chini ya kitanda. Kofia msumarini. Na mbele ya mlango, mti wa chai alioupanda mzungu kwa mkono wake, futi tano na inchi saba, usiguswe.

Nilipotoka nje, mti ulinifika kiunoni, matawi ya juu yote yamevunjwa. Juu yake walikuwa wamelaza fimbo ya kutembelea ya mzungu, kuhakikisha umesawazika kama meza. Kofia yake ilikuwa imejaa majani.

"Mama, mnafanya nini."

"Tunakusaidia," mama akasema bila kuinua macho. "Chai imeachwa mpaka imekuwa msitu, na mtoto wangu ndiye anakaa hapa? Watu wa kwetu wakipita watasema nilikufundisha nini?"

"Hata ilikuwa imetoa maua," akasema Chepkosgei, kiongozi wa kwaya, kwa sauti ya mtu anayemsema mlevi.

"Huo mti ni wa serikali."

"Ndiyo maana umekaa vibaya," mama akasema.

Nikawaambia kuhusu mkaguzi. Wakati huo huo lango likalia, na Bwana Ratemo akaingia na rejista kwapani, tepu ya kupimia mkononi.

Mama alinitazama usoni. Akakunja sketi, akaingia katikati ya kichaka, akasimama wima. Sweta ya kwaya yao ni ya kijani. Chepkosgei akammwagia majani yote ya kofia kichwani.

Bwana Ratemo alikagua viatu, akakagua bafu, kisha akaja kwenye mti. Akapima.

"Futi tano na inchi tano. Zinapungua mbili."

"Ni jua, boss. Mchana majani hulala. Hebu pima tena."

Alipoinama kushika tepu, niliona mti ukipanda polepole kwa vidole vya miguu.

"Tano na saba," akasema. Akakaa kidogo akiutazama. "Lakini kijana, huu mti unapumua."

"Miti yote inapumua, boss. Tulifundishwa darasa la sita."

Akafikiri, akakubali, akatia sahihi. "Basi kazi ni yako. Kuanzia kesho kutakuwa na wageni kutoka Nairobi kila siku, saa tatu mpaka saa kumi. Nami nitakuwa napita kupima."

Lango lilipofungwa, mama hakutoka kichakani.

"Umepata?"

"Nimepata, mama."

"Na huu utarudi lini urefu wake?"

"Wewe ndiye mkulima."

Akaangalia matawi yaliyomzunguka, yale aliyoyavunja mwenyewe. "Mvua ikinyesha vizuri, miezi minane." Akatoa jani moja jichoni. "Na nikisimama humu kila siku, ng'ombe watakamuliwa na nani? Wewe tangu uanze kuandika mashairi umekataa kushika kiwele."

Wanakwaya walikuwa wananisikiliza. Nilimshika mama mkono, katikati ya matawi.

"Nitakamua mimi, mama. Asubuhi na jioni, wote watatu, mpaka huu mti ukupite kichwa."