Uzi wa Torleiv

Mume wangu Torleiv alifundisha hesabu miaka mingi hapa Finnmark, kaskazini kabisa mwa nchi yetu, na ugonjwa wa walimu ni kutaka kumhakikishia kila mtu kila jambo. Binti yetu Jorid alipowekwa kwenye foleni ya kupandikizwa moyo, hospitali ya Oslo ilimshauri ahamie karibu. Akiitwa, afike ndani ya muda wa saa tano, la sivyo moyo anapewa mwingine. Jorid akakataa katakata. Alitaka kuugulia nyumbani.

Basi Torleiv akachukua tufe la dunia na uzi wangu wa kufumia, akaukaza kutoka kiwanja chetu cha ndege hadi cha Oslo.

"Tazameni, haufuati pwani," alisema. "Unakata Finland na Sweden. Kilometa elfu moja na mia nne na ushee. Ndege ya wagonjwa ni saa tatu tu."

"Yaani kwenda mji mkuu wetu mpaka tupite kwa majirani?" Jorid akacheka. "Tuwabebee kahawa basi!"

"Utafika, mwanangu. Hesabu haidanganyi."

Nilimwamini. Mama gani asingeamini?

Simu ilikuja Februari, tukiwa mezani na mkate na jibini. Moyo umepatikana. Torleiv alikuwa bado anatafuta viatu vyake, mara Arnfinn, mwongoza ndege wa hapa kwetu, akapiga.

"Upepo unapiga ubavuni, Torleiv. Kiwanja chetu kifupi. Watatua kiwanja cha ng'ambo ya mlima."

"Si wajaribu tu!"

"Nimuue mtoto, pamoja na marubani?"

Tukaondoka kwa gari. Chini ya mlima tukakuta kizuizi kimeshushwa. Siku za tufani hakuna anayevuka peke yake. Magari hufuatana nyuma ya gari la kusukuma theluji, na lilikuwa ndiyo kwanza limeondoka na wenzetu. Tuliona taa zao zikipanda.

Tukangoja. Torleiv akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Likirudi sasa hivi, bado tuna..."

"Nyamaza!" nikamwambia. "Ulipima kiwanja hadi kiwanja. Huu mlima ulimwachia nani?"

Akakunja vidole vyake. Nilimchukia na kumhurumia kwa pamoja, na roho iliniuma kwamba Jorid amesikia.

Hospitali ikapiga. Mama mmoja, mpole sana, akaniambia moyo hauwezi kusubiri zaidi. Wamempa mwingine. Nikageuka kumwambia Jorid, lakini alikuwa ameshaniona uso.

"Ni mtu wa Oslo?"

"Hawasemi, mwanangu."

"Atakuwa wa Oslo." Akajivutia blanketi. "Geuza gari, Baba. Nimechoka."

Torleiv aliinamia usukani akilia, hakuweza kugusa ufunguo. Tukiwa hivyo, gari la theluji likateremka, kizuizi kikainuliwa. Dereva akashusha kioo, uso wote tabasamu, akatupungia mkono.

"Haya jamani, njia nyeupe! Twendeni!"