Mjukuu wa Msimu wa Mafua

Chafya ya kwanza ilitoka kwenye cherehani ya pembeni, na fundi mkuu akafanya alichokifanya kila msimu wa baridi: akafunga madirisha. Baridi ndiyo mama wa mafua, aliwaambia mafundi wenzake, na hakuna aliyethubutu kumbishia, maana ulimi wake ulikata kuliko mkasi. Wakashona wamebanana, kila mmoja akivuta pumzi aliyoitoa mwenzake. Juma halijaisha, chumba kizima kilikuwa kikipiga chafya.

Safari hii alikuwa na la kupoteza. Binti yake amejifungua mtoto wa kiume, mjukuu wake wa kwanza, na yeye, bibi mtu, alikwisha kumtangaza mtaa mzima kuwa ndiye mume wake mpya. Sasa, kesho ndiyo aende kumpakata, koo likaanza kumwasha. Akapiga simu. Binti, kwa adabu zote, akamwomba asubiri apone kabisa. Mafua yanayompitia mtu mzima kama mzaha humbana kifua mtoto mchanga, alisema, na hayaletwi na baridi, mama. Watu huambukizana wakijifungia pamoja.

Fundi alinuna. Tangu lini sikio likapita kichwa? Lakini alipoinua macho akawaona wenzake wakipangusa pua, akakumbuka kuwa msimu uliopita ulianza vivyo hivyo, na ule wa kabla yake pia. Hata muuza vifungo, aliyekaa nao hapo akipiga soga, aliondoka mzima akarudi anakohoa, na katikati amepita maduka mangapi! Aibu ikamshika. Akainuka, akafungua madirisha yote. Vitambaa vikapepea, wenzake wakatazamana.

"Vaeni sweta," alisema. "Na mwenye homa akae kwake."

Alipojiona mzima, alikwenda. Binti alimpokea uani kwa furaha, mtoto mikononi.

"Haya mama, mpokee mumeo."

Mikono ya bibi ilikuwa imekwisha kunyooka pale pua ilipomwasha, kidogo tu. Hakuna aliyejua ila yeye. Alimtazama yule kiumbe, mdomo wake mdogo ukipiga miayo, na moyo ukamuuma kwa kumpenda. Akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Bado, mwanangu. Huyu nitamngoja."

Akaketi upande wa pili wa ua, penye upepo, akamchekea mjukuu wake kwa mbali. Mikono yake, isiyozoea kukaa bure, ikatulia mapajani.