Maharage ya Délice

Mimi Generose nina mdomo, sikatai. Bwegera nzima inajua. Lakini mdomo huu ulinifukuzia mkwe mwema, na kila nikiuona ule ukoko mweupe ndani ya birika la mwanangu natamani kujing'ata ulimi.

Mwanangu Itangishaka anatengeneza simu mjini Uvira. Alipomchukua Délice, binti wa Lemera, mambo ya ndoa ya kimila yalikuwa yamekwisha na ya kanisani tuliyaweka Pasaka. Akapanga nyumba kwenye avenyu moja ya pembeni mwa mji, ambako watu walikuwa wamechimba kisima kirefu na kupata robine, bomba la maji, kila ua. Robine uani! Sisi tunaoteka mferejini na kubeba kichwani tulisema mtoto kapata.

Wiki mbili baada ya Délice kuingia, tukaenda kula chakula chake cha kwanza. Katika ukoo wetu siku hiyo si mchezo. Mama mkwe huleta maharage ya shamba lake, bibi-arusi huyapika mbele ya wakwe, na hakuna wa kumsaidia hata kupepea moto. Nilipeleka ya mavuno mapya, yale ambayo kwangu saa moja na nusu tu yanapasuka yenyewe. Nilifuatana na shangazi wawili wa Itangishaka na shemeji yangu Ngendakumana, mzee wa kusema kidogo na kula sana.

Délice aliteka maji robineni, akaweka sufuria saa mbili asubuhi. Saa tano nikafunua: mawe. Saa saba nikafunua tena: mawe. Saa nane akapakua hivyo hivyo. Ngendakumana akatafuna punje moja, tukaisikia sote.

"Mama," Délice akasema, "minye naona ni maji. Tangu nifike hapa sabuni haitoe povu, na birika inashika kitu nyeupe. Hii maji iko na nguvu sana."

Nilicheka. Laiti ningekohoa tu, nikanyamaza! "Weye mutoto! Maji ya robine, watu wanaililia, ndiyo unasingizia? Sema tu ulilala, moto ikazimika."

"Sikulala, mama. Mulikuwa munaniona."

Kweli, tulikuwa tunamwona. Tangu asubuhi hakubanduka kwenye mbabula, lile jiko la makaa, akiongeza makala, macho yamekuwa mekundu. Niliyaona yote hayo na bado nikasema, "Muke asiyeivisha maharage, bwana yake atakula nini?"

Itangishaka alikuwa anatazama viatu vyake.

Hatujafika hata kituo cha magari, nilikuwa nimeshampa jina: Bibi-arusi wa Mawe. Shangazi wakacheka mpaka wakashika mbavu, na jina likaenea uwandani kote, toka Uvira mpaka Bwegera. Kila nilipokuja Uvira nilianzia mlangoni, "Délice, leo tutameza ao tutatafuna?" Nilidhani ni utani. Lakini mkwe atamjibu nini mama mkwe? Alikuwa akitabasamu kidogo, ananipa kiti. Mwezi wa nne tangu aingie, Pasaka haijafika, akafunga nguo zake akarudi kwao Lemera, na mwanangu hakumfuata. Nikasema afadhali.

Nikahamia Uvira nimpikie mwenyewe. Siku ya kwanza niliweka maharage ya shamba langu saa mbili asubuhi. Saa saba, mawe. Nikayatukana makala. Kesho yake nikaitukana sufuria. Siku ya tatu, Mungu anisamehe, nilisema Délice ameniachia laana jikoni.

Nilisema hivyo kwa sauti, maana jirani yetu Mama Feza, ambaye mume wake Mahamudi anauza vitenge sokoni, alisikia kutoka ng'ambo ya ukuta. Akaja, akachungulia sufuria, akaweka mikono kiunoni.

"Unapika na maji ya robine? Mama, kwa avenyu hii hakuna muntu anapikia nayo maharage! Hii maji inatoka kule chini mu mawe. Ya kunywa iko muzuri, haitakugonjesha. Lakini maharage inakataa, sabuni inakataa. Siye tunakinga ya mvua, ao tunatia magadi kidogo."

"Mukwe wangu hakuyua."

"Angeyua namna gani? Alikuwa mugeni, na alikuwa na haya ya kuuliza. Minye ningemuambia."

Nilikaa chini palepale, kwenye sakafu. Maji ya kwetu ni laini, na ya Lemera ni laini. Mimi na yule binti tulikuwa wageni sawasawa mbele ya robine ile. Yeye kwa wiki mbili aliitambua. Akaniambia kwa heshima, mbele ya watu, nami nikamcheka. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nizaliwe.

Itangishaka aliporudi kazini nikamweleza. Akasema, "Alikuambia, mama."

"Na weye mbona haukusema kitu?"

Akainuka, akaenda kulala. Lakini asubuhi, kabla ya kutoka, alisimama mlangoni akauliza kama njia ya Lemera inapitika. Nikajua anachotaka. Nikaahidi kwamba nitamrudisha.

Nikangoja wiki kadhaa mpaka njia zikatulia, nikapanda gari, kisha pikipiki ya kupandisha milima, na kitenge kipya mfukoni. Maneno nilikuwa nimeyapanga yote: nitapiga magoti mbele ya wazazi wake, nitasema mimi ndiye mwenye kosa, kisha tutashuka pamoja.

Nyumbani kwao mama yake alinipokea mlangoni. "Haiko hapa tena," akasema, akanionyesha nyumba moja juu kidogo ya njia. "Iko kwake, kwa bwana yake mupya."

Kule juu nilipokewa na mwanamke wa rika langu aitwaye Louise, na nyuma yake, jikoni, Délice alikuwa anakoroga sufuria. Aliponiona alishtuka. Kisha akamwambia Louise, taratibu kabisa, "Ni mama mumoja wa Uvira. Nilikaaka kwake."

Alinisitiri, mimi niliyemtangaza uwanda mzima.

Tulizungumza mavuno na barabara. Mazungumzo hayajapoa, maharage yakaletwa, laini, yamepasuka, na mchuzi mzito. Louise alinitazama nikila, amejaa fahari.

"Huyu mutoto iko na mukono, sivyo? Mungu alinipa. Na weye mama, uko na mukwe?"

"Nilikuwa naye," nikasema.

Délice alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki. Njiani, mbele ya watu wanaopita, nilipiga magoti. Akaniinua haraka kwa mikono miwili.

"Ilisha, mama. Lakini siku ile, ungenawa tu na ile maji na sabuni, ungeona."

Kitenge alikipokea, akashukuru. Akaniomba nimngoje, akashuka kwenye chemchemi, akarudi na kibidoni cha lita tano kimejaa. "Ya kupikia Ita maharage," akasema; Ita ndivyo alivyomwita mwanangu. Hakuniagiza salamu nyingine.

Nilikipakata njia yote mpaka Uvira. Kesho yake nikapika, na baada ya saa moja na nusu tu punje zilikuwa zinapasuka. Itangishaka aliporudi kula na kuniuliza habari za safari, nilimwambia, "Kula kwanza."

Akala kijiko kimoja, akakisimamisha hewani. Akatazama kile kibidoni pembeni ya mbabula, na uso wake wote ukafunguka. Sikuwa nimeuona hivyo tangu Délice aondoke.

"Hii ni maji ya Lemera," akasema. "Alikubali! Atarudi lini?"

Nikamwongezea mchuzi, kisha nikamwambia.