Swali la Bundala

Darasa la sita pale Kwihara, Eustadia alikuwa moto wa kuotea mbali kwa hesabu. Tatu gawanya kwa robo? Anaigeuza robo, anazidisha, kumi na mbili, kwisha kazi. Mwalimu Revocatus akamweka dawati moja na Bundala, ambaye hesabu zilimpiga chenga, amsaidie.

"Kwa nini tunaigeuza?" Bundala akauliza.

Eustadia akapekua daftari lake. Vema zote zile, na hajawahi kujiuliza! Akasonya. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aanze shule, akanyoosha mkono kuuliza.

Darasa zima likaguna. Mwalimu akatabasamu. "Kwenu si mnauza asali? Lita tatu zinajaza chupa ngapi za robo lita?"

"Kumi na mbili," akajibu papo hapo, maana kila Jumamosi huzijaza yeye na mama yake. "Kila lita chupa nne, mara..." Akaruka. "Nne! Robo ikigeuzwa ni nne! Bundala, ndiyo maana!"

Akamweleza upya, huku mikono yake ikimimina asali isiyokuwepo, hadi Bundala akacheka kwa kuelewa.

"Na theluthi mbili je?" Bundala akauliza. "Chupa zake zinakuwaje?"

Eustadia akakuna kichwa. Safari hii ilinyooshwa mikono miwili, wake na wa Bundala.